Nani Anakunywa Dizeli ya Mjomba?

Mjomba wangu wa Hewani ana nyumba mbili. Moja iko kijijini, chini ya miembe, karibu na mashamba ya mpunga ya Mto Tana. Ya pili ina magurudumu sita.

Hiyo ya pili ni basi la Isuzu la viti 33 ambalo zamani lilibeba abiria. Lilipochoka na kazi hiyo akalinunua, akang'oa viti vyote akabakiza safu ya mbele. Nyuma akaweka kitanda, katikati rafu za leso, sufuria na ndoo za plastiki, kando ya mlango jiko la gesi na friji ndogo, na chini ya kitanda tangi la maji la lita 500. Karatasi nazo alizifuatilia: kubadilisha maelezo ya gari NTSA, na bima ya abiria kuwa ya aina nyingine. Ilimchukua muda, na alilalamika sana, lakini alifanya. Tangu hapo yeye na mkewe wanaishi humo nusu ya mwezi, wakifuata siku za soko: leo Garsen, kesho kutwa Hola, wiki ijayo Witu na Mpeketoni hadi Mokowe. Msimu wa maembe wanashuka Malindi.

Dereva ni mdogo wangu. Ndiyo maana kisa hiki nakijua vizuri kuliko nilivyotaka kukijua.

Siku moja mjomba alinipigia simu. Hakuuliza habari za watoto. "Wee, huyu ndugu yako ananyonya mafuta yangu," akasema. Ushahidi wake ulikuwa huu: zamani shilingi elfu kumi zilikuwa zinatosha safari, siku hizi hazitoshi. Pesa anatuma, basi linaenda palepale lilipokuwa linaenda, na tanki linarudi kavu. Kwa hiyo kuna mpira na mtungi mahali fulani usiku. Alikuwa ameshamkata kijana shilingi 3,000 kwenye mshahara wa mwezi ule.

Nilimpigia mdogo wangu. Alinyamaza kwanza, kisha akaniambia, "Kaka, nikiiba mafuta ya mjomba nitakula wapi Hewani?" Hilo nalo lilikuwa swali.

Mimi kazi yangu ni kuandika ukurasa huu na kuwaeleza wateja jinsi ya kusoma taarifa zao za miamala. Nikaona aibu kuwafundisha watu wa mbali na nyumbani kwetu wanagombana kwa hesabu. Jumamosi nikapanda gari hadi Garsen.

Jambo la kwanza nililomwomba mjomba ni taarifa ya miezi sita ya simu yake. Kama unatumia M-Pesa, unapiga *334#, unaingia kwenye akaunti yako na kuomba taarifa, inakuja kwa barua pepe ikiwa imefungwa kwa namba ya siri. Mitandao mingine nayo ina njia yake, uliza kwa wakala au huduma kwa wateja. Mjomba hana barua pepe, tukatumia ya binti yake. Tukakaa kivulini na kalamu nyekundu, tukitafuta dizeli.

Tulichokuta ni vurugu. Malipo mengine yalikwenda moja kwa moja kwa till ya kituo cha mafuta, hayo yalikuwa safi: jina la kituo, tarehe, saa, kiasi. Mengine yalitumwa kwa simu ya mdogo wangu bila kusema ni ya mafuta, ya chakula au ya pancha. Mara nyingine mjomba alitoa taslimu kwa wakala na kununua dizeli ya mtungi kijijini, ambapo lita 20 ni lita 20 kwa kuamini tu. Na mara tatu alilipia mafuta kwa Fuliza, kumaanisha dizeli ile ilikuja na ada ya kuanzia na ada ya kila siku juu yake. Mjomba alipoona hizo ada zote zimejipanga kwenye karatasi alivua miwani akaifuta.

Hapo nilimwambia jambo ambalo hakulipenda. Shilingi haziwezi kukuambia kama gari linakula. Shilingi hubadilika. Kila tarehe 14 ya mwezi EPRA hutangaza bei mpya za kuanzia tarehe 15, na kila mji una bei yake, Mombasa ikiwa ya chini kwa sababu mafuta yanashukia bandarini. Chukua bei za Nairobi kwa mfano: katikati ya Novemba 2023 dizeli ilikuwa shilingi 203.47 kwa lita, na katikati ya Aprili 2024 ikawa 180.38. Elfu kumi ile ile ilinunua lita 49 mwezi mmoja na lita 55 mwezi mwingine. Hizo lita sita zinaweza kulisogeza basi kilomita thelathini na zaidi. Ukihesabu kwa shilingi tu, mwezi mmoja utamsifu dereva na mwezi mwingine utamwita mwizi, na yeye hajafanya lolote.

"Basi tuhesabu kwa nini?" akauliza.

Kwa kilomita na lita. Nikamuuliza basi lake hula vipi. Akajibu bila kusita: kilomita sita kwa lita. Nani alikuambia? Kondakta wa zamani. Lilikuwa na nini ndani wakati huo? Viti na watu. Leo lina maji nusu tani, kitanda cha mvule na sufuria za soko zima. Hakuna aliyewahi kulipima tangu liwe nyumba.

Kupima kwenyewe si kazi ngumu, lakini kuna sharti moja ambalo wengi wanaliruka: lazima tanki lijazwe. Unajaza hadi pampu ijikate yenyewe, unaandika namba ya kilomita kwenye deshibodi. Unatembea zako. Ukirudi, ikiwezekana pampu ile ile na gari likiwa limesimama palepale, unajaza tena hadi ijikate. Lita zilizoingia mara ya pili ndizo ulizotumia. Kilomita ulizotembea gawanya kwa lita hizo, basi. Ukiweka ya elfu mbili leo na ya elfu tatu kesho, hesabu haitakuja kamwe, kwa sababu hujui kilichokuwa kimebaki ndani. Wengi wetu huweka ya elfu mbili kwa kuwa ndiyo iliyopo mfukoni. Naelewa. Basi jaza angalau mara mbili kwa mwezi, na katikati uandike kila lita unayoongeza, hata ya mtungi.

Ujumbe wa malipo unakupa nusu ya kumbukumbu hii bure: kiasi, jina la kituo, tarehe na saa. Haukupi lita wala kilomita. Kwa hiyo tulikubaliana hivi. Mdogo wangu akifika kituoni anapiga picha mbili, deshibodi na kioo cha pampu, anamtumia mjomba pamoja na namba ya till. Mjomba analipa mwenyewe kutoka alipo, kwa laini moja ambayo hainunui kitu kingine ila dizeli. Kabla ya kuweka PIN anasoma jina linalotokea, lisipokuwa la kituo anaghairi. Kulipa kwa till ya kununua bidhaa hakumkati mteja ada, tofauti na kumtumia dereva kisha dereva atoe kwa wakala. Na PIN hapewi mtu. Nilisisitiza hili kwa sababu mjomba alikuwa na tabia ya kumpa kijana simu nzima na PIN juu yake, kisha anamshuku. Ukifanya hivyo umejiharibia ushahidi wako na umemharibia yeye wake.

Tukajaza Garsen. Deshibodi ilisoma 412,306.

Safari ya kwanza ilikuwa Witu, Mpeketoni na Mokowe. Barabara hiyo siku hizi ni ya lami, ingawa wanaoijua wanakumbuka Novemba 2023, maji ya mafuriko yalipoikata upande wa Gamba na Lango la Simba na magari ya Lamu yakakwama. Waliporudi, 412,588. Zikaingia lita 61.3. Kilomita 282 kwa lita 61.3 ni kilomita 4.6 kwa lita.

Mjomba alinitazama kama mtu aliyeshinda kesi.

Lakini mdogo wangu alikuwa amesema kitu tukiwa tunajaza: gurudumu la nyuma kushoto lilikuwa linatoa joto. Tukaenda kuligusa. Ngoma ya kushoto ilichoma mkono, ya kulia ilikuwa ya uvuguvugu. Fundi wa Garsen akaifungua, akakuta breki imeshika, hairudi yote mguu ukitolewa. Gari lilikuwa linatembea limefungwa kamba mguuni. Akaitengeneza, akajaza upepo kwenye magurudumu mawili yaliyokuwa yamelegea, akaomba pesa yake kwa till, nayo ikaingia kwenye kumbukumbu.

Safari ya pili, Malindi na maembe. Mimi nilipanda nao. Tulilala kwa jamaa zetu, tukauza asubuhi, tukarudi. 412,819. Kilomita 231, lita 39.8. Hiyo ni 5.8. Mjomba akafurahi, mimi nikafurahi, mdogo wangu akaenda kuoga mtoni. Nikarudi kazini nikidhani kisa kimekwisha, na hata nilianza kuandika makala haya kuhusu breki.

Safari ya tatu ikaja Hola. Siku tatu za soko, usiku tatu barabarani. 413,055. Kilomita 236. Lita 55.9. Ni kilomita 4.2 kwa lita, mbaya kuliko hata ile ya breki.

Simu ikalia. "Umeona? Malindi ulikuwa naye, hakuiba. Hola hukuwepo."

Nakiri kwamba na mimi nilitetereka. Breki ilikuwa nzima. Lami ya Hola na lami ya Malindi hazipishani kiasi hicho. Lita 15 hivi zilikuwa zimepotea, na namba hazina undugu. Nilimwuliza mdogo wangu moja kwa moja, akakata simu. Hakupokea siku mbili.

Siku ya pili jioni nilimwomba mjomba anitumie taarifa ya wiki ile. Nilitaka kuona kama kuna mafuta yaliyolipwa bila picha. Nikaisoma kutoka juu, nikafika siku za Hola, nikasimama.

Ishirini. Ishirini. Ishirini. Ishirini.

Zilikuwa pesa zinazoingia, kwa Pochi la Biashara yake, shilingi ishirini kila moja, kutoka kwa watu tofauti. Zilianza saa moja jioni, zikakoma saa nne usiku. Usiku wa kwanza hivyo, wa pili hivyo, wa tatu hivyo. Nilizihesabu: 41. Leso haiuzwi shilingi ishirini. Sufuria haiuzwi shilingi ishirini.

Nikampigia. "Mjomba, hizi ishirini ishirini ni za nini?"

"Aa, hizo ni za simu. Watu wa soko wanachaji kwangu."

"Umeme unatoa wapi?"

"Si kwenye gari."

"Injini ikiwa imezimwa?"

Kimya. Kisha, "Sasa betri si itaisha? Nawasha."

Anawasha saa moja, anachaji simu za watu, friji inapoza soda, na kama kuna mpira televisheni inawaka na vijana wamejaa mlangoni. Anazima saa nne anapolala. Malindi tulilala kwa jamaa, hakuna aliyewasha. Safari ya Mokowe aliwasha usiku mbili, alikumbuka mwenyewe. Haikumpitia akilini kwamba gari lililosimama linakula, kwa sababu kwake mafuta ni kitu cha kwendea.

Hakuniamini, na sikutaka aniamini kwa maneno. Wiki iliyofuata tulifanya jaribio. Tulijaza tanki jioni, tukasogeza basi pembeni ya kituo, tukaacha injini ingurume saa mbili kamili na friji ikiwa imewashwa. Tukarudi pampuni, kilomita zile zile. Zikaingia lita 3.2. Hiyo ni lita 1.6 kwa saa, bila kwenda popote.

Hesabu ya Hola ikawa nyepesi. Usiku tatu, saa tatu kila usiku, ni saa tisa. Mara 1.6 ni lita 14.4. Ukizitoa kwenye 55.9 zinabaki 41.5, na kilomita 236 kwa 41.5 ni 5.7. Karibu sawasawa na Malindi. Hakukuwa na mpira wala mtungi. Hata safari ya Mokowe inajieleza: toa saa sita za kunguruma, unapata kama 5.5, na kilichobaki ni ile breki.

Sasa njoo kwenye biashara ya ishirini ishirini. Tulitumia bei ya mkato ya shilingi 170 kwa lita. Saa moja ya kunguruma ni shilingi 272. Ili arudishe dizeli tu, mjomba alihitaji simu 14 kila saa. Kwa usiku tatu alipata 41, yaani shilingi 820, dhidi ya dizeli ya shilingi 2,448. Hata tukiongeza waliolipa taslimu na faida ya soda, alikuwa analipia watu wachaji simu zao. Mkewe alicheka hadi akakaa chini. "Nilikuambia hiyo sauti inaninyima usingizi," akasema. Mjomba alisema kelele ya injini inafukuza nyani, na hapo akatuacha akaenda kuangalia mpunga.

Naongeza mambo machache kwa mwenye gari la namna hii, au boda, au tuktuk, kwa sababu maswali huja. Kama mita ya kilomita imekufa, na magari mengi ya zamani ndivyo yalivyo, pima safari kwa ramani ya simu au tumia njia moja unayoijua urefu wake. Ukibadilisha magurudumu yakawa makubwa au madogo kuliko ya kiwandani, mita itakudanganya kidogo, lakini itakudanganya vilevile kila siku, kwa hiyo bado utaona mabadiliko. Usiamue kwa kipimo kimoja. Sisi tungeamua kwa cha kwanza, kijana angekuwa mwizi. Tungeamua kwa cha pili, tungeshangilia breki na kuendelea kumwaga dizeli usiku. Maji yana uzito: lita 500 ni kilo 500, na hakuna haja ya kuondoka Garsen na tangi limejaa kama unalala Hola penye maji. Mjomba sasa anabeba robo.

Jambo jingine ni la usalama wa pesa yenyewe. Mtu akikutumia ujumbe kwamba amekulipa ya kuchaji au ya leso, usiusome ujumbe ukaridhika. Angalia salio lako. Jumbe bandia za malipo zinafanana sana na za kweli, na sokoni jioni, giza limeingia, ndipo zinapofanya kazi. Mjomba aliwahi kuuza ndoo mbili kwa ujumbe wa namna hiyo, lakini hicho ni kisa cha siku nyingine.

Mdogo wangu hakuambiwa samahani. Kwetu mjomba haombi samahani kwa mpwa, na sikutarajia aanze mwaka huu. Ilikuwa Ijumaa, tumekaa watatu tunakula wali wa samaki wa mtoni, simu ya kijana ikatoa mlio. Akaitazama chini ya meza. Shilingi 3,000 kutoka kwa mjomba, aliyekuwa ameketi mbele yake akichambua mifupa. Hakuna aliyesema kitu. Kijana aliingiza simu mfukoni, akamwongezea mjomba mchuzi.

Siku hizi kuna paneli ya sola juu ya paa na betri ya pili iliyotengwa na ile ya injini. Simu bado ni ishirini. Televisheni haipo, friji inazimwa saa mbili usiku. Picha mbili bado zinatumwa kila wanapojaza, nami nawekwa kwenye kundi hilo la familia bila kuombwa ruhusa. Ya juzi ilisoma kilomita 254 kwa lita 44.9. Ni 5.7. Mjomba ameandika chini yake kwamba ingefika sita kama kijana angeacha kupanda tuta la Minjila kwa kasi, na mdogo wangu amemjibu kwa kumtumia picha ya tangi la maji, limejaa hadi juu.